Nguruwe Aliyegawanywa Bila Kuchinjwa

Niliacha kazi mwezi uliopita. Solange, aliyechukua kiti changu, alinifuata nyumbani na kaye mpya, yaani daftari, akaniambia: "Mama Kavira, andika namna mulikuwa munafanya, ju sisi tusianze na zero." Nikamwambia mimi nilifika mwaka wa sita wa primeri, na hata mtihani sikufanya. Akasema hiyo si neno, nguruwe nao hawakusoma. Basi naandika. Shuleni walitufundisha kuandika "mtu", nyumbani tunasema "mutu". Nitajaribu kufuata shule, lakini watu wakianza kusema humu ndani nitawaacha waseme kama wanavyosema, na wakisema "njo" ni "ndiyo" ya shuleni.

Niko na kaye zangu za zamani, sanduku zima. Tangu nianze kazi niliandika kila siku. Nilizifungua nikifikiri zitanisaidia. Siku ya kwanza ya kazi imeandikwa: "Mawe bado ya moto. Nimepoteza kiatu." Siku ngumu kuliko zote imeandikwa: "Mvua. Nimenunua sabuni." Kwa hiyo mengi ya hapa yametoka kichwani, na kichwa changu kinapenda kujisifu. Mwenye kukumbuka vingine aje aniambie, nitafuta.

Kwa wale msiojua kazi yetu: kimbilio letu liko Mabanga, hapa Goma, nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano. Tunapokea nguruwe wadogo wa tumbo, wale weusi, wafupi, ambao tumbo linafagia njia. Wageni waliwaleta kuwafuga kama mbwa. Mambo yakiharibika mgeni anapanda ndege, na nguruwe hapewi nafasi kwenye ndege. Daktari Bahati anawatibu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuomba: dawa, pumba, sabuni, vitambaa vya kufungia vidonda. Miaka ishirini nimeomba watu wenye njaa wasaidie nguruwe. Ukiifikiria sana kazi hii hutaamka asubuhi. Mimi sikuifikiria sana, na nadhani ndiyo iliyonisaidia.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza vitunguu sokoni Birere. Ile volkano ya 2002 ilifunika meza yangu, na vitunguu, na njia ya kwenda kwenye meza. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kama kila mtu, na kama kila mtu tukarudi mbio, maana mtu wa Goma hapendi kulala kwa jirani. Tulipita juu ya mawe yaliyokuwa bado yanapumua. Kiatu changu cha kushoto kilishika pale kikabaki. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, nikikitazama, ndipo nikamwona mwanaume mrefu amevaa singlendi tu, amebeba kitu ndani ya shati lake kama mtoto mchanga. Kitu kikalia. Haikuwa sauti ya mtoto.

"Mama," akaniambia, "uko na maji?"

"Sina. Hata kiatu sina."

"Hii iko na miguu ya kuungua. Naomba unisaidie kutafuta maji."

Mimi sikujua kutafuta. Nilijua kuita. Nikaita vile nilivyokuwa naita vitunguu: "Maji! Maji ya mutoto! Maji ya mutoto ameungua!" Watu walitoka na mabidoni ya maji hata kwenye nyumba ambazo hazikuwa na paa. Waliposhuhudia mtoto ana pua gani, wengine walicheka, mmoja alinitukana, lakini hakuna aliyerudisha maji. Niseme ukweli: nilidanganya, na aliyenitukana alikuwa na haki. Daktari yeye alisema: "Mama, uko na mudomo. Kuja kufanya kazi na mimi." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Diploma yangu ilikuwa koo.

Yule nguruwe tukamwita Komite, yaani kamati, kwa sababu alikuwa anakaa, anakula, na hatoi raporo, yaani ripoti.

Daktari Bahati ni mtu wa Kalengera, mtoto wa wafugaji. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu, na alikuwa na uvumilivu ambao sikustahili. Siku yangu ya pili alinipa temometre, akasema, "Pima Komite," akaenda kuosha mikono. Mimi nilipima nguruwe kama nilivyopima watoto wangu: niliweka kwapani, nikafunga mguu na kitambaa changu cha kichwa, nikakaa naye nikimbembeleza. Daktari alirudi akatukuta hivyo.

"Mama Kavira, iko namna gani?"

"Inasema hana homa, Daktari."

"Hata meza haina homa. Si hapo tunapima."

Akanionyesha tunapima wapi. Komite na mimi hatukutazamana mpaka jioni.

Alinifundisha pia kupima uzito bila mzani: unazungusha kamba kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, unapiga fundo, halafu unanyoosha kamba nyingine toka kati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia, unapiga fundo. Daktari anafanya hesabu, uzito unatoka. Shikeni hilo, kamba haiharibiki na haiibiwi. Mkienda kukata kwato, wekeni pamba masikioni, ninyi, si nguruwe. Nguruwe wa tumbo akilala chali analia kama mtu anayenyang'anywa kiwanja, na hana kinachomuuma. Na msikubali mtu ampe kila anacholeta. Atakula mpaka ashindwe kuona, maana mafuta yatafunika macho.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kibao. Tuliandika mlangoni: HAPA TUNATUNZA NYAMA. Kwetu nyama ni yule anayetembea na ni yule aliye sufuriani, neno ni moja. Wiki nzima watu waligonga wakiuliza kilo. Tulifuta, tukaandika: MUNGANGA YA NYAMA. Wakaja kuuliza kama nyama iliyolala siku mbili inaweza kutibiwa. Tukaacha kibao. Nawaambia haya mjue kwamba tulikuwa tumeonywa. Neno lilishatuuma mara moja, na hatukujifunza.

Miaka kumi ikapita. Nguruwe waliingia, wakapona, wakapata watu wa kuwalea. Komite hakuna aliyemchukua. Waasi walizunguka, wakakaribia, na mwaka ule, mwezi wa kumi na moja, wakaingia mjini. Siku chache baadaye wakatoka tena. Wenye kuelewa vita wataandika juu ya vita. Mimi najua tu kwamba farmasi zilibaki na rafu na mwenye duka, basi, na kwamba katikati ya mambo hayo Komite aliacha kula.

Komite kuacha kula ni kama ziwa kuacha kuwa na maji. Daktari alimfungua mdomo. Chonge yake ya kushoto, lile jino refu, ilikuwa imejikunja ikarudi ndani ya shavu, na shavu lilikuwa limejaa usaha. Daktari akasema inahitajika waya ya kukatia jino, dawa ya usingizi na sindano za kuua vidudu. Bila hivyo Komite hataona mwaka mpya. Kimbilio lilikuwa na kamba mbili zenye mafundo na sabuni nusu.

"Tufanye muchango," mmoja wetu akasema.

Hapa lazima niwe wa haki. Daktari anasema ni mimi niliyesema neno hilo. Mimi nakumbuka ni yeye, alisema "cotisation" kwa Kifaransa, na mimi nikaligeuza. Kaye inasema "Mvua. Nimenunua sabuni." Basi tugawane kosa, lakini mdomo ulioenda kulitangaza ni wangu.

Jumapili, baada ya misa, nilisimama mbele ya watu wa avenyi yetu, yaani mtaa wetu, nikasema kwa sauti ya vitunguu: "Wapendwa, tuko nafanya muchango ya nguruwe. Mwenye kuwa na kitu alete. Noeli iko karibu."

Ninyi mliozaliwa Mabanga mmeshaanza kucheka. Kwa wengine nieleze. Kila mwaka, kabla ya Noeli, majirani wa avenyi moja wanachanga pamoja, wananunua nguruwe mmoja, na asubuhi ya mkesha wa Noeli anachinjwa, kila nyumba inakuja na beseni kuchukua kipande chake. Hiyo inaitwa muchango ya nguruwe. Haina maana nyingine yoyote chini ya jua. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimekula muchango huo tangu nilipoolewa.

Watu walileta. Walileta maharagwe, makala, yaani makaa ya kupikia, mafuta ya mawese, sabuni, mahindi. Watu waliotoka kukimbia vita walileta mpaka nilishangaa. Rafiki yangu mfanyabiashara wa Birere alibadilisha vyote hivyo kuwa waya, dawa na sindano. Usiku ule niliandika kwenye kaye, na hii iko pale kweli, nimeiona: "Mungu amenipa mdomo." Nilifikiri ni maneno yangu yaliyowagusa.

Jirani yangu Mama Masika, ambaye hatoi hata salamu bila kuuliza itarudi lini, alikuja na debe la maharagwe.

"Kavira, ile nguruwe inakula muzuri?"

"Sasa haikule, Mama Masika. Njo maana tuko nasumbuka."

"Ah. Mubaya. Itakonda." Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Lakini siku ya Noeli itakuwa tayari?"

"Daktari anasema siku moja mbele ya Noeli itakuwa imeisha."

"Muzuri. Mimi niko nataka muguu ya nyuma. Ya kushoto."

Nilidhani anajitolea kushika wakati wa kupasua. Tulihitaji watu wa kushika. Nikamwandika: Mama Masika, mguu wa nyuma, kushoto. Walipoona naandika, wengine wakaja. Huyu bega, yule mbavu. Mjane mmoja aliomba tumbo. Nilisema mbele ya Daktari kwamba sijawahi kuona watu wenye moyo hivi.

Halafu akaja Shefu, yaani shefu ya avenyi, mzee mwenye kofia ambayo hakuitoa hata kanisani.

"Mama Kavira, kichwa nani atachukua?"

"Kichwa Daktari mwenyewe atashika, Shefu. Njo pahali pa kazi."

Alirekebisha kofia, akiwa amekasirika kwa adabu. "Toka zamani za baba yangu, kichwa ni ya Shefu."

"Basi Shefu mukuje. Ni musaada kubwa."

Siku hiyohiyo majirani walinikuta nampima Komite kwa kamba, mafundo kifuani, mafundo mgongoni. Wakasimama ukutani wakitazama kwa heshima. Nikamsikia mmoja akisema: "Ona, Kavira hapendelee mutu. Anapima."

Siku mbili kabla ya Noeli Daktari alimlaza Komite. Alikata chonge kwa ile waya, anavuta huku na huku, harufu kama mfupa unaungua. Akapasua shavu, usaha ukatoka, akaosha, akapiga sindano. Sisi wawili tu tulikuwa pale. Nililalamika kwamba wale wote walioandikwa kushika hakuna aliyekuja, hata Shefu. Daktari akasema labda wana kazi.

Kesho yake, yaani asubuhi ya mkesha wa Noeli, niligongewa. Nikafungua mlango wa kimbilio. Avenyi nzima ilikuwa pale, kwa mstari, imevaa vizuri. Kila mtu na beseni. Mmoja na kisu kirefu kimefungwa na gazeti. Mbele kabisa Shefu, na beseni kubwa kuliko zote.

Ninaandika ukweli: niliyaona mabeseni, na bado nikafikiri wameleta maji.

"Tumefika," Shefu akasema. "Iko wapi?"

"Analala, Shefu. Jana Daktari amemufanyia, inaendelea vizuri. Itapona."

Mama Masika akaweka beseni lake chini.

"Itapona na nini?"

"Na dawa yenye mulinunua."

"Kavira. Sisi tulinunua dawa?"

Hapo ndipo neno lilinirudia, muchango ya nguruwe, na nikalisikia kwa masikio yao. Nilikaa chini kwenye jiwe. Mtu wa kisu alisema, bila ubaya, kwamba hakuna shida, nguruwe yupo, kisu kipo. Na hapa niwaambie ninyi vijana jambo ambalo sikupenda kuliandika: alikuwa na haki. Walikuwa wamechanga chakula chao baada ya vita. Watoto wao walikuwa wanasubiri. Komite alikuwa nguruwe. Kama mngeniuliza dakika ile nani anastahili, singejua, na mpaka leo sijui vizuri.

Daktari ndiye aliyetoka na chupa tupu ya dawa mkononi.

"Papa, Mama," akasema, "hii jana iliingia ndani yake. Inakaa ndani ya nyama majuma matatu. Mutu atakula, atakula sindano. Batoto watagonjwa. Mimi siwezi kuwaacha."

"Na hiyo dawa," Mama Masika akauliza polepole, "njo ile ya maharagwe yangu?"

"Njo hiyo, Mama."

Alifikiri. "Kwa hiyo maharagwe yangu imekataza mimi kukula nguruwe yangu."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Wengine hawakucheka. Wakamgeukia Shefu, kwa maana mambo ya avenyi yanaishia kwake. Shefu aliomba kuonyeshwa mnyama. Tukampeleka. Komite alikuwa amelala kwenye majani makavu, shavu limefungwa na kipande cha kitenge changu. Akafungua jicho moja. Mbele yake kulikuwa na uji wa pumba, na mbele ya watu wote akanyoosha pua akala kwa hamu, mara ya kwanza tangu waasi waingie. Alikula kama Komite.

Shefu alitazama mpaka sahani ikaisha. Kisha akatoa kofia. Sijui kama alikuwa na joto.

"Muchango ilifanyika," akasema. "Vipande vilitolewa, Mama Kavira ameandika, hakuna mutu wa kukataa. Nguruwe imekwisha kugawanywa. Bado tu kuchinjwa. Na hakuna kawaida yenye inasema kugawa na kuchinja ni siku moja. Kila mutu iko na kipande yake. Akitunze."

"Mpaka lini?" yule wa kisu akauliza.

"Mpaka nitasema."

Noeli ile avenyi ilikula maharagwe ambayo mama yake Daktari alituma toka Kalengera, na kuku zangu tatu, ambazo zilipita kwenye sahani nyingi zaidi kama harufu. Haikutosha. Sitaki msome hapa kwamba ilitosha. Mama Masika hakusema nami mpaka mwaka mpya. Alipokuja hakunisalimia mimi, alienda moja kwa moja kwa Komite, akainama nyuma.

"Ukwato ya muguu yangu ni mrefu," akasema. "Inakaa kama kiatu ya mulevi. Munaniharibia."

Akaenda kuleta sabuni ya kuioshea.

Hivyo ndivyo tulivyoomba misaada tangu siku hiyo, na kama mtachukua kitu kimoja tu katika kaye hii, chukueni hiki. Nguruwe akiingia mgonjwa, mchoreni kwenye karatasi, mgawanyeni. Semeni kwanza, kabla ya jina la Mungu, kwamba hachinjwi. Halafu msimwombe mtu asaidie nguruwe. Mwombeni asaidie sikio. Mtu hawezi kubeba nguruwe mzima moyoni, ana watoto, ana kodi, ana mambo yake. Lakini mguu mmoja atabeba, na atakuja kuutazama, na atagombana na mwenye bega. Mjane wa tumbo alilalamika miaka miwili kwamba kipande chake ndicho kinachoshikwa na minyoo kila mara, akataka kubadilisha na mbavu. Mwenye mbavu akakataa. Alikuwa na haki, mbavu haziugui.

Mwaka 2021 volkano ilirudi, na siku chache baadaye, asubuhi, mji uliambiwa uhame. Mimi nilikuwa mlangoni nafikiria namna ya kumbeba nguruwe mzee hivyo mpaka Sake, watu wote wakikimbia na magodoro. Sikuwa nimeita mtu, nakumbuka vizuri. Nikawaona watu wa avenyi wanakuja, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wakampandisha, wakamfunga. Kila mtu akasukuma upande wake. Shefu alitembea mbele akimfunika kichwa kwa kofia yake. Njiani mtu mmoja, mwenye mzigo wake, akauliza kwa utani kama tunaenda kumchinja Sake. Akanyoosha mkono kumpiga kofi la paja.

"Usiguse," Mama Masika akamwambia. "Hiyo muguu iko na mwenyewe."

Tulirudi wote, Komite pia. Leo Daktari anasema hajawahi kusikia nguruwe aliyefika miaka hii, kisha anaongeza kwamba labda tulihesabu vibaya. Shefu bado hajasema.

Siku ya kuniaga watu wa avenyi walikuja kimbilioni. Nilifikiri nitapewa kitenge, nami nilikuwa nimeshaamua rangi. Shefu alisimama, akatoa ile karatasi yangu ya zamani, imechakaa, majina mengine wenyewe wameshakufa na watoto wao wameandikwa juu.

"Mama Kavira aligawa nguruwe yote," akasema, "na yeye mwenyewe hakujipa kitu. Tumeangalia. Kitu kimebaki kimoja tu."

Akaandika mwenyewe, polepole, kwa sababu macho yake ni ya mzee. Mkia.

Watu walipiga makofi. Mama Masika akaninong'oneza kwamba mkia ni mfupi, lakini mchango wake ni sawa na wa mguu, nisijidanganye.

Sasa kila asubuhi, baada ya uji, napita kule. Solange anadhani nakuja kumchunguza kazi yake, naye anaficha kamba nisione mafundo yake. Simchunguzi. Naenda nyuma, nainama, natazama. Jana mkia wangu ulikuwa na kidonda kidogo cha inzi. Niliweka jivu, nikangoja hapo mpaka nikauona unatikisika.